Tunapochimba miji ya wafu, tunatafuta ukweli au tunajitafuta wenyewe?

Mtu aliyekufa miaka 500 iliyopita, bado ana haki juu yetu? Na kama anayo, ni haki ya kuachwa alipo au ni haki ya kusemwa kama alivyokuwa? Nauliza hivi nikiwa Lushoto, katika Milima ya Usambara, mahali ambapo ukitaja uchimbaji wa miji ya kale wengi hudhani unazungumzia Kilwa au nchi za Waarabu. Huku kwetu, husemwa, hakuna cha kuchimba. Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Tukumbushane kwanza habari za Vuga. Ukipanda kutoka Mombo hadi Soni, kisha ukaelekea upande wa Bumbuli, ndiko iliko Vuga, makao ya wafalme wa Kilindi tangu karne ya 18. Mmishionari Krapf alifika huko mwaka 1848, akarudi tena 1852. Mwaka 1857 wakaja Waingereza wawili, Burton na Speke. Mfalme wakati huo alikuwa mzee Kimweri ye Nyumbai. Wageni wale hawakuruhusiwa kukaa ndani ya mji, kwa sababu Vuga ilikuwa na miiko yake, lakini Burton aliandika kuwa mji ule ulikuwa na nyumba kama 500. Mamlaka ya Kimweri yalishuka milimani hadi pwani. Barazani kwake walikuwepo watu wa pwani waliojua kusoma na kuandika, na baadhi ya wanawe walikwisha silimu. Alipofariki mwaka 1862 ukoo ukagombana, na vita vya ndugu vikaivuruga nchi kwa miaka mingi hata Mjerumani akaja akaikuta imechoka.

Leo mgeni anayekwenda Vuga kutafuta magofu harudi na picha hata moja. Atakuta migomba, mahindi na nyumba za bati kama kijiji kingine chochote. Vuga haikujengwa kwa mawe. Ilijengwa kwa miti, udongo na nyasi, na vitu hivyo vikiachwa miaka michache hurudi ardhini. Basi kwa kuwa hakuna ukuta uliosimama, tumefikia kuamini kuwa hapakuwa na mji. Hebu tujiulize: nani alitufundisha kwamba mji ni mawe?

Jibu la sehemu fulani limo katika historia ya uchimbaji wenyewe. Neville Chittick alichimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 akatoa vitabu viwili vikubwa juu ya mji huo. Kazi yake ina heshima, na hapana shaka bila yeye tungejua machache kuhusu ule Msikiti Mkuu, kuhusu kasri la Husuni Kubwa alilojenga Sultani al-Hassan bin Suleiman, na kuhusu sarafu za shaba zilizopigwa hapo hapo kisiwani. Sultani huyo ndiye aliyekuwepo Ibn Battuta alipopita mwaka 1331. Lakini wachimbaji wa kizazi cha Chittick walivutwa na mawe, na walipoyaona mawe waliuliza swali moja: ni nani aliyekuja kuyajenga? Hawakuuliza kwa uzito ule ule ni nani aliyekuwepo kabla ya mawe. Jibu lao likawa kwamba wageni walikuja na jahazi, wakashusha dini na ustaarabu, na wenyeji wakatazama.

Kisha akaja Mark Horton, akachimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, kuanzia mwaka 1980 hadi 1988. Chini ya magofu ya msikiti wa mawe alikuta msikiti mwingine mdogo zaidi, na chini yake mwingine, na mwingine tena. Wa chini kabisa haukuwa na jiwe. Ulikuwa wa miti, na umri wake ni wa karne ya 8. Maana yake ni kwamba kulikuwa na watu wanaoswali pwani yetu, katika nyumba ya fito, karne nyingi kabla ya kuwepo Husuni Kubwa. Misikiti mingi ya vijijini kwetu ilianza hivyo hivyo, kwa fito na udongo kabla ya tofali, na hakuna aliyesema swala za wazee wetu zilianza siku ya kuezeka bati. Kilichomwonyesha Horton msikiti ule ni alama za mashimo ya nguzo tu, madoa meusi kwenye udongo ambayo mtu mwenye haraka angeyapitishia sururu asijue.

Hapa ndipo jambo linapogeuka kuwa la kimaadili. Mji uliozikwa hauwezi kujisemea. Anayeuchimba anauita utoe ushahidi, na tabaka akishaliondoa halirudi. Kitabu ukikisoma vibaya, mwingine atakisoma tena. Ardhi iliyochimbwa imesomwa mara moja tu. Kwa hiyo mchimbaji ni shahidi pekee wa kitu ambacho yeye mwenyewe amekiharibu katika kukiona. Uislamu unajua uzito wa nafasi hiyo. Tumeamrishwa na Allah (s.w.) kusimama na uadilifu tunapotoa ushahidi, hata kama ushahidi huo unatuumiza sisi wenyewe, wazazi wetu au jamaa zetu. Na tumeamrishwa zaidi ya mara moja kutembea katika ardhi tukatazame mwisho wa waliotutangulia. Ukiziweka amri hizo mbili pamoja utaona kwamba kutazama peke yake hakutoshi. Kuna mtu hutazama ili aone alichokuja nacho kichwani.

Nitoe mfano wa mbali, kwa kuwa wa mbali hautuchomi sana. Upo mji uitwao Ani, mashariki mwa Uturuki, ukingoni mwa korongo la mto unaotenganisha nchi hiyo na Armenia. Tangu mwaka 961 ulikuwa mji mkuu wa wafalme Wakristo wa Kiarmenia, na kanisa lake kubwa lilikamilika mwaka 1001. Mwaka 1064 Sultani Alp Arslan wa Seljuk akauteka. Baadaye ukawa mikononi mwa watawala Waislamu wa ukoo wa Shaddad, na mmoja wao, Manuchihr, akajenga msikiti ambao mnara wake bado umesimama. Ukapita mikono mingi, ukafifia, ukahamwa.

Mwishoni mwa karne ya 19 eneo hilo lilikuwa chini ya Urusi, na Nikolai Marr akaanza kuchimba mwaka 1892, kisha mfululizo tangu 1904 hadi 1917. Vitu alivyovipata akaviweka katika makumbusho, na jengo alilolifanya makumbusho ni ule msikiti wa Manuchihr. Najua baadhi ya wasomaji wataguna hapo, na mimi nimeguna. Vita vilipokaribia, maelfu ya vitu vikahamishwa, lakini kumbukumbu nyingi za uchimbaji zikapotea katika vurugu. Yaani mji ulichimbwa, tabaka zikaondolewa, na maandishi ya kile kilichoonekana hayapo. Hilo ni pigo ambalo hakuna msamaha unaoweza kulirekebisha.

Lakini lililofuata ndilo ninalotaka tulitazame. Ani ilipokuwa ndani ya Uturuki, kwa miaka mingi vibao vya kuwaeleza wageni historia ya mji vilisimulia kila kitu isipokuwa neno moja, Waarmenia. Kanisa lipo, maandishi yao yamechongwa ukutani, makaburi yao yapo, ila jina lao halipo kwenye kibao. Mwaka 2016 Ani iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na hapo ikawa vigumu kuendelea kukaa kimya namna ile. Sasa, sisi Waislamu wa Afrika Mashariki ambao tumelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba historia yetu imeandikwa kana kwamba hatukuwepo, tutasema nini juu ya kibao cha namna hiyo? Tutakinyamazia kwa kuwa waliokiandika ni ndugu zetu katika imani? Kama ni hivyo, basi malalamiko yetu hayakuwa juu ya dhulma. Yalikuwa juu ya nani aliyedhulumiwa.

Turudi kwetu, maana hapa ndipo panapouma. Mwezi Machi 2023 lilichapishwa jarida lenye utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Matokeo yake kwa ufupi ni kwamba wengi wa watu wale walikuwa na asili mbili. Upande mmoja ni Waafrika, na umepitia zaidi kwa akina mama. Upande wa pili ni Asia, hasa Uajemi, na umepitia zaidi kwa akina baba, na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Wapo waliokuwa wakisema Ushirazi wa wazee wetu ni hadithi ya kujikweza, na wapo waliokuwa wakisema hakuna tone la mtu wa bara katika ukoo wao. Wote wawili wamejibiwa. La kushangaza, niliowasikia wakizungumzia matokeo hayo kila mmoja alichukua nusu iliyompendeza akaondoka nayo. Mifupa ya wafu 80 imetoa ushahidi, nasi tumeukata vipande kama nyama ya mnadani.

Hapo linaingia swali la kaburi. Mtume (s.a.w.) alilinganisha kuuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja wa aliye hai. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wanasema kaburi halifukuliwi ila kwa dharura, na wanaeleza dharura hizo, kama maiti kuzikwa bila kuoshwa au kuzikwa katika ardhi iliyoporwa. Vile vile wanasema kwamba mwili ukishageuka udongo kabisa, ardhi ile inaweza kutumika. Shauku ya kujua haimo katika orodha ya dharura. Kwa hiyo mtaalamu anayesema kwamba elimu inatosha kuhalalisha kila kitu hajajibu hoja, ameiruka.

Tena sisi wa nchi hii tuna sababu ya kuwa wakali. Wakati wa Wajerumani mafuvu ya vichwa ya watu wetu yalisafirishwa kwa jina hilo hilo la elimu. Taasisi ya makumbusho ya Berlin ilichunguza mafuvu yapatayo 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, na mwaka 2023 ikatangaza kuwa vinasaba vimewaunganisha baadhi yao na ndugu walio hai leo Kilimanjaro. Ukoo wa Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900, umetafuta kichwa cha mzee wao kwa miaka mingi. Yule aliyeyafunga mafuvu kwenye masanduku naye alijiita mtafiti.

Hata hivyo sikubali kwamba kila kinachogusa kaburi ni kitu kimoja. Profesa Chapurukha Kusimba wa Kenya, aliyechimba Mtwapa, ameeleza kwamba aliishi na wenyeji, akaomba ruhusa ya wazee, nao wakakubali kwa sharti kwamba wafu warudishwe kaburini. Unaweza bado kuuliza kama wazee wana mamlaka ya kutoa ruhusa hiyo kwa niaba ya maiti. Mimi nauliza pia. Lakini tofauti kati ya aliyebisha hodi na aliyevunja mlango ni kubwa.

Hoja hii niliwahi kuizungumza barazani, baada ya swala ya Ijumaa, na mzee mmoja ambaye elimu yake naiheshimu. Nilipotaja Vuga akacheka. "Mwalimu," akaniambia, "mbona unajipa taabu? Wale walikuwa watu wa matambiko. Msikiti wa Mtume pale Madina si ulijengwa palipokuwa na makaburi ya mushrikina, yakafukuliwa? Vuga kuna nini hata uionee haya?"

Nikamwambia, "Sheikh wangu, kisa hicho ni cha kweli, lakini tukimalizie. Lile eneo lilikuwa la Bani Najjar. Mtume aliwaomba wenyewe, akataka kulinunua, nao wakalitoa kwa radhi. Na haja ilikuwa nyumba ya swala. Hapo hakuna ruhusa ya kwenda kufukua makaburi ya watu kwa kuwa hatukuipenda dini yao." Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba hata hivyo Vuga haitusaidii kitu sisi Waislamu.

Neno hilo ndilo lililobaki nami. Haitusaidii kitu! Tunataka Kilwa ichimbwe kwa kuwa itaonyesha misikiti, na Tongoni pale jirani na Tanga itunzwe kwa kuwa ina makaburi ya Waislamu na msikiti wa kale. Vuga ya matambiko, ilale. Na yule asiyependa Uislamu naye anataka Vuga ichimbwe na Kilwa ionekane ya wageni. Pande zote mbili zinamtaka shahidi akishajua la kusema. Je, huu si ule ule moyo wa kibao cha Ani?

Wala hatuwezi kusema hatukuachiwa mfano. Abdallah bin Hemedi alikuwa Mwislamu, akafanya kazi ya ukatibu kwa Semboja pale Mazinde, na baadaye akawa liwali wakati wa Wajerumani. Ndiye aliyeandika Habari za Wakilindi, iliyochapwa na wamishionari wa Magila kati ya mwaka 1895 na 1907. Alisimulia asili ya wafalme wa Vuga kama alivyoipokea kwa wenyewe: kwamba Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Unguu, na kwamba mawindo yake yalikuwa nguruwe. Ndiyo, nguruwe. Mwandishi wetu angeweza kuandika paa au nyati na hakuna ambaye angemkosoa. Hakufanya hivyo. Uganga wao ameuandika, fitina zao ameziandika, ushujaa wao pia. Mwislamu akawatolea ushahidi watu ambao si wa dini yake, na mashine ya Wakristo ikauchapa. Kama leo tunajua kitu juu ya Vuga, sehemu kubwa imetoka kwa mtu huyo.

Sasa ardhi inaweza kuongeza nini juu ya maandishi hayo? Mengi. Abdallah aliandika habari za watawala. Mchimbaji wa mambo ya kale huenda kwanza jaani. Jaa la mji halina ukoo. Ndimo zilimo shanga zilizokatika, vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe na mbuzi, mkaa wa kupikia. Vyungu vya aina iitwayo Kwale, iliyopewa jina la Kwale ya Kenya baada ya uchunguzi wa Robert Soper katika miaka ya 1960, vimepatikana pia huku Usambara na Upare, navyo ni vya karne za mwanzo baada ya Nabii Issa (a.s.). Maana yake kulikuwa na watu kwenye milima hii zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Mbegha. Walilima nini? Msitu ulikuwa umefika wapi? Walipata chumvi kutoka kwa nani? Shanga ya kioo ikiokotwa Vuga itatuambia habari za biashara na pwani ambazo hakuna liwali aliyeziandika. Na kwa maswali yote hayo hakuna haja ya kugusa kaburi hata moja. Makaburi ya wafalme wa Kilindi yana wenyewe, na wenyewe wapo. Jaa linatosha kwa miaka 50 ya kazi.

Hatari kubwa haitoki kwa wataalamu, ambao hata hivyo ni wachache na hawana fedha. Kuna vijana wanaozunguka usiku na sururu wakitafuta rupia na dhahabu inayosemwa ilifukiwa na Mjerumani. Mganga amewaonyesha shimo, tapeli amewauzia ramani. Wakikuta chungu kizima hukivunja waone kama kina fedha ndani. Na kuna jembe letu la kila siku katika miteremko hii inayomomonyoka, ambalo halina nia mbaya lakini linachimba kuliko Chittick. Mkulima akikuta kigae hukirusha pembeni. Akikuta bonge la mavi ya chuma hulitumia kuzuia mlango.

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba bila kibali, na inalinda vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu kabla ya mwaka 1863. Tazama ajabu ya tarehe: Kimweri alifariki mwaka 1862. Kila chungu kilichofinyangwa Vuga katika uhai wake kimo ndani ya sheria, na hakuna anayejua wala anayeuliza. Mlinzi hawezi kuwekwa kwenye kila shamba la mahindi, hilo naelewa. Lakini mwalimu wa shule, imamu wa msikiti na mchungaji wa kanisa pale pale kijijini wanaweza kumwambia mkulima asikitupe kigae, akiweke, aseme kimetoka shamba la nani na kina cha jembe kilikuwa kiasi gani. Hiyo tayari ni nusu ya akiolojia, na haina gharama.

Na kabla sururu yoyote ya kitaalamu haijainuliwa Vuga, waulizwe kwanza wenye Vuga. Waonyeshe wenyewe wapi ni jaa, wapi ilikuwa njia ya kuingilia, wapi hapaguswi. Wakikataa sehemu fulani, iachwe, hata kama ndipo penye jibu tunalolitaka. Wakikubali, basi kitakachotoka kiandikwe kama kilivyotoka, chenye kumpendeza imamu na kisichompendeza, na nakala ibaki hapa hapa milimani, si Dar es Salaam peke yake wala Ulaya. Nimeambiwa wazee wanaojua mipaka ya mji wa zamani wamebaki wachache. Wataalamu watakuja siku watakayopata fedha. Wazee hao tunaweza kwenda kuwasikiliza wiki hii.